Mashini inagonga ndani: toa vitu vyako kwanza, Windows baadaye

Swali: Jambo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Ndosho hapa Goma. Mashini yangu niliinunua okazo miaka minne iliyopita, ina Windows ya Kifaransa na diski ya 500. Tangu mwezi uliopita inachukua dakika 20 kuwaka, inakwama nikifungua folda ya picha, na usiku nyumba ikitulia nasikia ndani kitu kinagonga: ka, ka, ka. Kijana mmoja wa mtaani ameniambia dawa ni kufomati na kupiga Windows mpya, saa mbili kazi imekwisha. Lakini mle ndani kuna alama za wanafunzi za miaka 6, daftari la AVEC ya mke wangu, kile kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, kazi yangu ya mwisho wa masomo niliyobakiza sura moja, na picha za marehemu mama ambazo hazipo pengine popote. Nina flashi ya 64 tu. Nianzie wapi?

Mwalimu, pole sana. Kabla ya lolote, zima hiyo mashini. Kufunga kifuniko hakutoshi. Izime kabisa, chomoa waya, umalizie kusoma jibu hili kwenye simu. Diski yako huenda imebakiza saa chache za kazi, na kila inapowaka unazitumia. Afadhali zitumike kutoa alama za wanafunzi wako kuliko kuzungusha nembo ya Windows kwa dakika 20.

Hiyo ka-ka-ka ndiyo iliyonishtua kuliko mengine yote uliyoandika. Diski ya aina yako ina sahani za kung'aa zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea ambacho hakigusi. Kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi mara maelfu. Kichwa kinapotafuta njia yake kwenye sahani kikaikosa, hurudi nyuma mpaka mwanzo na kujaribu tena. Kurudi huko ndiko unakokusikia. Mashini nyingi ninazoletewa zenye ugonjwa huu zina historia moja: mwenyewe alifunga kifuniko akidhani imelala, akaitia mgongoni, akapanda pikipiki kutoka Katindo mpaka Ndosho juu ya yale mawe ya lava, huku sahani bado zinazunguka. Sikulaumu. Barabara zetu ni hizo.

Sasa kijana wa mtaani. Hana nia mbaya, na kuna mashini ambazo dawa yake ingezifaa. Mashini yenye virusi, au yenye Windows iliyovurugika baada ya umeme kukatika katikati ya masasisho, hupona kwa kufomatiwa. Yako inaumwa chuma. Ukisakinisha Windows mpya juu ya diski inayogonga, unapata mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, gigabaiti nyingi za mfumo mpya zinaandikwa juu ya sehemu zilezile zilizokuwa na vitu vyako, na kilichoandikiwa juu hakirudi tena. La pili, Windows hiyo mpya inalala kwenye sahani zilezile mbovu, na baada ya wiki kadhaa unarudi ulipokuwa, safari hii bila picha za mama. Watu husema "kuna programu ya kurudisha". Ipo, inaitwa PhotoRec, ni ya bure na naipenda, lakini ikifanya kazi baada ya kufomati inakurudishia mafaili bila majina: f0016741.jpg, f0016742.jpg, na kadhalika mpaka maelfu. Fikiria alama za miaka 6 zikiwa namna hiyo.

Kuna mambo mengine utashauriwa. Usiyafanye. Usiendeshe chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Jina lake linavutia kwa sababu linaahidi kutengeneza, ila inalazimika kusoma diski nzima sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, na kuhamisha vitu inapoona kasoro, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa diski inayokata roho. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliiendesha kwenye diski ya mteja jioni, nikaenda kulala. Asubuhi diski haikuonekana tena hata kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashini kabla ya Windows. Tangu siku hiyo sitengenezi diski ambayo sijachukua nakala yake. Usiipange upya kwa defragi. Usiitie kwenye friza; ushauri huo bado unazunguka, lakini Goma na unyevu wake wa ziwa utakupa matone ya maji ndani ya diski tu. Na usimruhusu mtu afungue kifuniko cha diski yenyewe "aone ndani". Kazi hiyo hufanywa kwenye chumba cha hewa iliyochujwa. Kwenye meza iliyo karibu na barabara, vumbi letu jeusi likigusa sahani, basi.

Kuna mstari mmoja lazima uujue kabla hujaendelea. Kama diski inagonga mfululizo bila kupumzika tangu inapopata umeme, au mashini haiioni kabisa, usifanye lolote kati ya haya ninayoeleza hapa chini. Hiyo inahitaji maabara ya kuokoa data, na kwa ukanda wetu zinapatikana kwenye miji kama Nairobi au Johannesburg, kwa bei ya mamia ya dola. Kwa jinsi ulivyoeleza, yako bado inawaka na inafungua folda, ila kwa shida. Tuko upande mzuri wa mstari.

Tukokotoe kidogo, maana hesabu ndiyo inayoamua tuanze na nini. Diski nzima ya gigabaiti 500 ikiwa na afya, ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde, ungeinakili kwa saa 1 na dakika 25 hivi. Diski mgonjwa inaweza kushuka mpaka megabaiti 5 kwa sekunde, na hapo kazi ileile inachukua kama saa 28. Umeme wa saa 28 mfululizo, wewe na mimi tunajua habari yake. Lakini alama, daftari la AVEC, kazi yako ya masomo na picha za mama, hata vikifika gigabaiti 10, kwa mwendo huohuo wa konokono vinatoka kwa nusu saa na ushee. Kwa hiyo tutapita mara mbili: mara ya kwanza kwa vile ambavyo huwezi kuvipata tena duniani, viingie kwenye flashi yako ya 64, mara ya pili kwa diski nzima, ukishaazima au kununua diski ya nje ya terabaiti 1. Mafundi wengine wangekuambia uanze na nakala ya diski nzima kwa sababu inagusa kila sekta mara moja tu. Wana hoja, na kwa mtu mwenye terabaiti za video ningefanya hivyo. Kwako, hapana. Kitu kidogo cha thamani kitoke kwanza.

Jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii: usinakili ukiwa ndani ya Windows hiyohiyo. Windows inaishi kwenye diski inayokufa. Wakati wewe unanakili picha 1, yenyewe inaandika kumbukumbu zake, inaorodhesha mafaili, inapima virusi, inatafuta masasisho, yote kwa kichwa kilekile kinachogonga. Tunataka kuiamsha mashini kwa mfumo mwingine ulio kwenye flashi, ili diski yako ibaki kimya mpaka tuiite.

Tafuta flashi nyingine ya gigabaiti 8 au zaidi. Si ile ya 64, kwa sababu flashi ya kuamshia hufutwa yote inapoandaliwa. Kwenye mashini nzima ya mwenzako shusha Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows. Ni kama gigabaiti 3, kwa hiyo fanya hivyo palipo na Wi-Fi ya kudumu, usiimalizie bando la simu. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Fundi wengi mjini tayari wanayo kwenye mfuko. Ukimwomba akuandalie hataona ajabu. Chomeka flashi hiyo kwenye mashini yako ikiwa imezimwa, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: kwa HP ni Esc kisha F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwenye uso wake utaona picha ndogo ya kusakinisha Mint. Usiibonyeze leo. Hiyo ndiyo itakayofuta kila kitu.

Mtego mdogo wa kwetu sisi tuliozoea kibodi ya Kifaransa, AZERTY: Mint inaanza ikidhani kibodi yako ni ya Kimarekani. Ukiandika a inatoka q, m imehama, na alama ya mkwaju haipo pale ulipoizoea. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze Kifaransa kabla hujaandika amri yoyote, la sivyo utadhani mashini imerogwa.

Sasa fungua dirisha la amri, uandike:

lsblk -f

Itakuonyesha diski zote na vipande vyake. Kipande kikubwa chenye neno ntfs ndicho Windows yako, tuseme sda3. Ukiona limeandikwa BitLocker badala ya ntfs, diski imefungwa kwa ufunguo, na utahitaji namba ya tarakimu 48. Namba hiyo kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, unaweza kuitafuta kwa simu. Mashini za okazo za zamani mara nyingi hazina kufuli hilo, ila kwa mashini mpya mpya hujifunga zenyewe mwenyewe asijue, kwa hiyo msomaji mwingine anayesoma hapa aikague namba hiyo leo, mashini yake ikiwa bado nzima.

Ifungue diski kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika:

sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt

Hiyo ro ndiyo ulinzi wako. Hata mkono ukiteleza, hutaweza kufuta kitu. Mint ikilalamika kwamba Windows imelala badala ya kuzimwa, usihangaike. Ni ile tabia yake ya kujizima nusu ili iwake haraka kesho yake, nayo haizuii kusoma.

Usishtuke kuona majina yamebadilika. Umezoea "Utilisateurs", "Bureau", "Images", "Téléchargements". Hayo ni majina ambayo Windows inayavalisha mafaili mbele ya macho yako. Chini, kwenye diski yenyewe, folda zinaitwa Users, Desktop, Pictures, Downloads. Nimeshapigiwa simu usiku na mtu analia kwamba Bureau yake imepotea, kumbe iko palepale, imevua nguo ya Kifaransa tu. Na kama uliwahi kuwasha OneDrive, Desktop na Documents zinaweza kuwa zimehamia ndani ya folda ya OneDrive, na baadhi ya mafaili ndani yake ni kivuli tu. Yenyewe yako mtandaoni. Hayo utayashusha ukiwa kwenye mashini nyingine.

Chomeka sasa flashi ya 64. Hakikisha imefomatiwa kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja lenye zaidi ya gigabaiti 4, na video ya harusi hufika huko. Kisha nakili kwa amri hii, ukiweka jina lako la mtumiaji na jina la flashi yako pale nilipoweka mwalimu na FLASHI:

rsync -rtv /mnt/Users/mwalimu/Documents/ /media/mint/FLASHI/Documents/

Kwa nini rsync, si kuburuta kwa kipanya? Kwa sababu ikikutana na faili lililooza, inalitaja, inaliacha, inaendelea na lingine. Na umeme ukikatika, betri ikaisha, ukiifungua diski tena na kurudia amri ileile, inaruka yaliyokwisha kufika. Mwishoni itakwambia yapi imeshindwa. Andika orodha hiyo.

Fuata mpangilio huu: kazi yako ya masomo, alama, daftari la AVEC, kisha picha za mama, kisha mengine kama nafasi ipo. Najua moyo wako unataka kuanza na picha. Lakini ulisema mashini inakwama ukifungua folda ya picha, maana yake sekta mbovu pengine ziko hapohapo. Ukianza nazo, diski inaweza kufia kwenye picha ya tatu na alama zote zikabaki ndani. Toa kwanza palipo laini. Picha tutazirudia kwa zana iliyo bora zaidi.

Usisahau Downloads. Kila mtu ananiambia hana kitu mle, kisha wiki inayofuata ananiuliza cheti chake cha kuzaliwa cha PDF kiko wapi. Angalia pia moja kwa moja kwenye C, na kwenye D kama kipo. Kama AVEC inatumia Excel, faili ni moja na umemaliza. Kama ni programu ya uhasibu, hifadhidata yake huenda iko kwenye folda ya programu yenyewe au ProgramData, si Documents. Nywila za Firefox zinahama ukinakili folda nzima ya profaili yake. Za Chrome hazihami hivyo. Zimefungwa kwa ufunguo wa Windows yako, ukizinakili hazifunguki. Kama umeingia Chrome kwa akaunti ya Google na kuruhusu ulinganifu, utazikuta zikikusubiri kwenye mashini mpya. Mazungumzo ya WhatsApp yako kwenye simu.

Kwa yule ambaye hawezi kabisa kupata flashi ya Linux na analazimika kunakili akiwa ndani ya Windows, atumie robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, lakini asiitumie kama ilivyo. Bila maelekezo, robocopy ikikwama kwenye faili hujaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: ni karibu mwaka mzima kwa faili moja bovu. Iambie ijaribu mara 1 tu, na isizunguke kwenye njia za mkato za mfumo:

robocopy C:\Users\mwalimu E:\hifadhi /E /R:1 /W:1 /XJ

Ukimaliza pitio la kwanza, zima mashini. Peleka flashi kwenye kompyuta nyingine, ufungue. Usitosheke kuona majina. Fungua kazi yako ya masomo uende mpaka ukurasa wa mwisho. Fungua alama za kila mwaka. Picha zitazame moja moja. Picha iliyonakiliwa nusu huwa na kijivu chini. Faili lenye ukubwa wa 0 halina kitu ndani. Hatua hii inachosha, ndiyo maana watu huiruka, na ndipo ninapowaona wakilia.

Hapa kuna sababu nyingine ya kukagua: flashi za uongo. Zipo zinazojitambulisha kuwa za gigabaiti 64, hata terabaiti 2, kumbe ndani ni 8 au 16. Zinapokea kila unachotupia, majina yote yanaonekana, ila ukifungua, nusu ni takataka. Kama ulinunua yako kwa bei iliyokufurahisha kupita kiasi, ipime kwanza kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, kabla haijapokea chochote. Na kama flashi imezunguka kwenye mashini za shule, ukaona folda zako zimegeuka kuwa "raccourci", mafaili hayajapotea. Kirusi kimeyaficha tu. Usibonyeze hizo njia za mkato. Ifungue flashi kwenye Linux na yatajitokeza yote.

Baada ya hapo, na si kabla, tunarudi kwa diski nzima. Zana yake inaitwa ddrescue, kwenye Mint unaipata kwa sudo apt install gddrescue, ni ndogo sana hata bando la simu linatosha. Inachofanya ni tofauti na kunakili kwa kawaida. Haipigani na sehemu mbovu. Inapita haraka ikichukua yote yaliyo mazima, ikikwama inaruka mbele, na inaandika kwenye ramani yake: hapa nimepata, hapa sijapata. Ikimaliza kuvuna mazima ndipo inarudi kukwangua yaliyobaki, taratibu. Ndivyo tunavyovuna shamba lililopigwa na mvua ya mawe: mahindi yaliyosimama kwanza, yaliyolala baadaye.

Ondoa diski uliyofungua, kwa sudo umount /mnt, chomeka diski ya nje ya terabaiti 1 iliyofomatiwa kwa exFAT au NTFS, kisha:

sudo ddrescue -n /dev/sda /media/mint/DISKI/mashini.img /media/mint/DISKI/mashini.map

Hakikisha kwa ukubwa na jina, kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL, kwamba sda kweli ndiyo ya ndani. Ikiisha, rudia ukibadilisha -n kuwa -d -r3, yaani irudie sehemu zilizogoma mara 3. Lile faili la .map lisipotee, ndilo linalofanya zana hii ifae mji wetu. Umeme ukikatika saa 9 usiku, asubuhi unaisakinisha ddrescue tena, kwa sababu Mint ya flashi haikumbuki ulichosakinisha, unaandika amri ileile na inaendelea pale ilipoachia. Weka mashini kwenye meza, si kitandani, na feni iipige. Ikianza kugonga mfululizo, simamisha kwa Ctrl na C, iache ipoe, urudi baadaye.

Kilichopatikana ni faili moja kubwa lenye kila kitu, hata picha zilizogoma. Kuanzia hapa majaribio yote yanafanyika juu ya nakala hiyo. Fundi yeyote anayeijua Linux ataifungua kama diski. PhotoRec, ndugu yake TestDisk wa kurudisha vipande vya diski vilivyopotea, hata ile chkdsk niliyokukataza, vyote viendeshwe huko, kwenye diski nyingine, mara zozote utakazo. Nakala haigongi.

Kisha Windows. Hapa ndipo sikubaliani na swali lako lenyewe, Mwalimu. Umeniuliza namna ya kuhifadhi kabla ya kusakinisha upya. Mimi nasema usisakinishe kabisa kwenye diski hiyo. Nunua SSD ndogo ya inchi 2.5, ya gigabaiti 240 inatosha, uitie mahali pa ile ya zamani. Haina sahani wala kichwa, pikipiki haiitishi, na zile dakika 20 za kuwaka zitakuwa sekunde. Faida kubwa kuliko zote: hakuna kinachofutwa. Diski ya zamani unaifunga kwenye kitambaa, unaiandika tarehe, unaiweka kabatini miezi kadhaa. Ukikumbuka faili ulilolisahau, bado una pa kubisha hodi. Usimwachie fundi "kama malipo ya kazi". Ina alama za watoto wa watu na pesa za wanachama wa AVEC.

Ila nisikufiche, SSD nazo hufa, tena bila kugonga. Leo ipo, kesho mashini inasema hakuna diski. Kilichofutwa kwenye SSD pia kwa kawaida hakirudi, kwa sababu mfumo huiambia isafishe nafasi hiyo mara moja. Kwa hiyo usidhani umenunua amani.

Mashini ya umri huo huenda haikubali Windows 11, ambayo inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa za miaka ya karibuni, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni imeshikana na bodi ya mashini, kwa hiyo ukirudisha toleo lilelile itajitambua yenyewe ikipata intaneti, hata kwenye diski mpya. Kama ilikuwa ya "kuvunjwa", ningekushauri ubaki na hiyohiyo Mint uliyoitumia kuokoa. LibreOffice inafungua Word na Excel za kawaida. Jaribu kwanza fomu ya alama ya shule yenu. Kama ina makro, yaani amri zilizowekwa ndani ya faili lenyewe, zinaweza kugoma.

Mwisho, nakala ya pili. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, moja ikae mbali na nyumba. Sisi wa Goma hiyo ya tatu hatuhitaji kuelezwa. Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilitoa lava ikaja mpaka Buhene. Tarehe 27 tukaambiwa mitaa 10 ihame, watu wakashika njia ya Sake, wengine Gisenyi, wengine mashua za Bukavu. Diski ya nje iliyolala kwenye droo moja na mashini haikuwa nakala usiku ule. Kazi yako ya masomo ni megabaiti chache, ikishatoka jitumie kwa barua pepe siku hiyohiyo. Google inakupa gigabaiti 15 bure, na picha za mama huenda zikaenea humo. Zile kubwa zitie kwenye diski umpe ndugu anayekaa Bukavu.

Anza na flashi ya Mint, kesho mchana ukitoka shule. Ukifika kwenye lsblk na usielewe kipi ni kipi, piga picha ya skrini kwa simu, unitumie, na usibonyeze Enter mpaka nikujibu.